Pleteleti zimeshuka, haya, ila nani anazishusha?

Mwezi wa saba huku Mbeya ukungu ukishuka hata mlima Loleza huuoni, na huo ndo msimu ambao simu yangu haitulii, watu wananitumia wasapu picha za karatasi za FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kuna namba moja imezungushiwa kalamu nyekundu, PLT, yani pleteleti, na swali ni lilelile kila mwaka: "Dokta, pleteleti zimeshuka, tunazipandishaje?" Mi sio dokta, ni mtu wa maabara, nishaacha kusahihisha hilo maana hata mama mdogo wangu kule Iringa anawaambia wenzake kanisani kwamba mtoto wao ni dokta. Shida yangu iko kwenye swali lenyewe. Limekaa upande, na swali likikaa upande watu wanakimbilia majibu ya upande vilevile.

Nikupe mfano. Kuna kijana wa jirani yangu, anaendesha bajaji Kabwe kwenda Uyole, alitokwa na jipu pajani akalikamua mwenyewe kwa vidole, unajua tena vijana. Siku ya nne homa, anatetemeka mpaka meno yanagongana, akapita duka la dawa akapewa asprini na vidonge vya maumivu, siku ya sita akawa anaongea vitu havieleweki ndo wakamkimbiza hospitali. PLT 38. Mi nafika wodini jioni nakuta kwenye kabati la pembeni ya kitanda kuna chupa tatu zimejipanga, juisi ya rozela, bitiruti iliyosagwa, na maji ya kijani ya majani ya mpapai, na shangazi yake yuko kwenye simu toka Mafinga anaelekeza vipimo, vikombe vingapi asubuhi, vingapi jioni. Mama wa kijana ananivuta pembeni ananiuliza, "mwanangu, 38 itafika 150 lini?" Hakuna hata mmoja pale aliyeuliza lile jipu limefikia wapi. Usaha ulikuwa bado umejaa ndani ya paja!

Sasa tuelewane kwanza hizi pleteleti ni nini, wengine wanaziita chembe sahani. Ni vipande vidogo sana vya seli, upana wake maikromita mbili tatu hivi, havina kiini, vinakatika toka kwenye seli kubwa zinazokaa ndani ya uboho wa mifupa. Giulio Bizzozero alizieleza vizuri pale Turin mwaka 1882, akaonyesha kwamba ndo zinazoziba mshipa ukijeruhiwa. Mtu mzima anatakiwa awe nazo 150,000 mpaka 450,000 kwenye maikrolita moja ya damu, kwa hiyo ile 38 ya kwenye karatasi ni elfu 38, mashine imefupisha tu. Zinaishi siku saba mpaka kumi halafu zinaondolewa, na mwili unatengeneza kama bilioni 100 mpya kila siku. Soma tena hiyo. Bilioni 100, kila siku, bila bitiruti.

Kwa hiyo zikishuka ghafla ndani ya siku tatu nne kwa kijana ambaye wiki iliyopita alikuwa anabeba abiria wanne na gunia la viazi, mara nyingi sio kwamba kiwanda kimefungwa. Zinatengenezwa na zinaliwa kwa kasi kuliko zinavyotoka. Mkulima wa viazi wa Uyole au Njombe analijua hili vizuri kuliko sie wa mjini, shamba likianza kunyauka kwa bakajani hasemi "ngoja niongeze mbegu", anainama anageuza jani anaangalia kwa chini.

Tugeuze jani basi. Yule kijana damu yake ilioteshwa maabara, siku ya pili akatoka stafilokokasi aureasi, bakteria wa majipu, ambaye watu wengi tu wanatembea naye puani bila tatizo. Huyu jamaa ana sumu kadhaa ila inayonitisha mimi ni alfa-toksini. Anaitoa ikiwa vipande vipande, kipande kimoja kikigusa pleteleti kinashika protini iliyopo juu ya ngozi yake inaitwa ADAM10, halafu vipande saba vinakutana, vinajipanga duara kama pete, na ile pete inazama kwenye utando wa seli. Tayari una tundu. Kalsiamu ya nje inaingia kwa fujo, na kwa pleteleti kalsiamu kuingia ndani ndo king'ora chenyewe cha "mshipa umekatika, njooni", kwa hiyo inabadilika umbo, inatema vitu vyake, inajishikiza kwa wenzake na kwa seli nyeupe, wakati hakuna mshipa wowote uliokatika. Sumu ikiwa kidogo pleteleti inadanganywa, ikiwa nyingi inapasuka inakufa. Vile vibonge vya pleteleti na seli nyeupe vinasafiri vinaenda kukwama kwenye mishipa midogo ya mapafu na ini, ndo maana unakuta mgonjwa wa jipu la pajani anahema kwa shida na familia inasema "tena amepata na nimonia". Wakati mwingine ni lilelile jipu.

Na kuna njia nyingine ya kimya zaidi ambayo binafsi naiona ni ya kijanja kupita kiasi. Pleteleti imefunikwa na sukari, na nchani mwa ile sukari kuna asidi ya sialiki, hiyo ni kama kitambulisho cha ujana, ikitoka maana yake pleteleti imezeeka, na kwenye ini kuna kipokezi kinachookota zile zilizozeeka kinazitoa kwenye mzunguko. Watafiti wa San Diego, Marekani, walionyesha mwaka 2021 kwamba alfa-toksini inaifanya pleteleti itoe kimeng'enya chake yenyewe kinachokata ile asidi, yani pleteleti changa kabisa ya juzi inachana kitambulisho chake na ini linaibeba kama kizee. Ini halina kosa hapo, linafanya kazi yake ya kila siku. Wale watafiti wakajaribu dawa mbili ambazo zipo tayari kwa kazi nyingine, tikagrelo ya wagonjwa wa moyo na oseltamivi ya mafua makali, na panya waliotibiwa walipona zaidi. Ni panya, bana, naomba mtu asitoke hapa akaenda famasi kununua tikagrelo. Ila angalia walichofanya, hawakuhangaika kuongeza pleteleti, walizuia zisiibiwe.

Kuna mtu atasema sawa, hiyo ni sumu moja ya bakteria mmoja. Twende kwenye nimonia basi, maana baridi ya huku Makete na Mufindi na majiko ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, vifua ndo habari ya mjini. Nyumokokasi, bakteria mkubwa wa nimonia, ana sumu inaitwa nimolisini, hii inashika kolesteroli iliyoko kwenye utando wa seli na inajipanga pete kubwa zaidi, sio vipande saba tena ni makumi. Hapa kuna ubishi ambao mimi kama mtu wa maabara naupenda sana. Kwa muda watu waliamini nimolisini "inaamsha" pleteleti, kwa sababu ukiipima kwa mashine unaona ile alama ya kuamka imewaka. Mwaka 2020 kundi la Greifswald, Ujerumani, wakaja na hoja kwamba subirini, hizi pleteleti haziko macho, zimekufa. Ile alama huwa imehifadhiwa ndani ya pleteleti na kawaida inatoka nje ikiamka, sasa kama ukuta umetobolewa, rangi ya kupimia inaingia yenyewe ndani na kuikuta alama hukohuko. Mashine inaona mwanga inasema "imeamka". Ni sawa na kupita usiku ukaona taa inawaka ndani ukasema wenyewe wapo, kumbe mlango umevunjwa na mwizi kaacha taa.

Nani anajali kama imekufa au imeamka, namba si imeshuka tu? Mi nasema tofauti ni kubwa sana. Kama zimeamka kupita kiasi, utafikiria dawa ya kuzituliza. Kama zinatobolewa zinakufa, dawa ya kutuliza maiti haina kazi, unatakiwa uikamate sumu kabla haijagusa. Na wale wa Greifswald walionyesha hilo kwenye chupa za maabara, wakiweka kingamwili zilizokusanywa kwenye damu za watu, sumu inazuiwa na pleteleti zinabaki na nguvu ya kuganda. Kitandani ni habari nyingine. Kingamwili iliyotengenezwa mahsusi kuzuia alfa-toksini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ICU waliokuwa kwenye mashine za kupumulia ili wasipate nimonia ya stafilokokasi, na matokeo hayakutosha kusema inafanya kazi. Kwa hiyo naipenda hii njia ila siiuzi.

Na chanjo je? Chanjo ya nimonia wanayopewa watoto wetu wakiwa na wiki 6, 10 na 14, iliyoanza Tanzania 2013, inafundisha mwili kulitambua koti la nje la bakteria, haigusi nimolisini. Inafanya kazi kwa kuzuia jamaa asifike hatua ya kumwaga sumu, na hiyo kwangu ni bora kuliko zote.

Hapa nikae kidogo maana ndo pana ugomvi wodini. Ndugu wanasema, "amechomwa sindano toka jana, mbona leo pleteleti zimeshuka tena? Hizo dawa ni feki." Sikiliza. Nyumokokasi hana mlango maalumu wa kutolea nimolisini kama wenzake, sehemu kubwa inatoka bakteria anapopasuka. Na dawa kama penisilini na seftriaksoni zinaua kwa kubomoa ukuta wa bakteria, yani kumpasua. Kwa hiyo unaweza kabisa kumuua mwizi na mzigo wake ukamwagika sebuleni. Hiyo sio sababu ya kuacha dawa, ukiacha bakteria wanazaana na mzigo unakuwa mara elfu, ila ndo sababu namba ya kesho yake inaweza kuwa mbaya kuliko ya jana na dawa isiwe feki. Hii ndo sababu pia kwenye mshtuko, yani presha kuanguka vibaya, unaoletwa na bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A madaktari wanaongeza klindamaisini juu ya penisilini, moja inabomoa ukuta, nyingine inafunga kiwanda cha protini, na sumu ni protini. Mtu ambaye anatazama PLT tu hawezi kuelewa kwanini mgonjwa kaongezewa dawa ya pili, anaona hospitali inatafuta hela.

Kuharisha damu nako kuna hadithi yake. Kuna aina za bakteria wa E. koli na wale wa kuhara damu wanaotoa sumu ya Shiga, jina la Mjapani Kiyoshi Shiga. Sumu hii inalenga zaidi kuta za mishipa midogo ya figo kuliko pleteleti zenyewe, kuta zikichubuka pleteleti zinajazana pale kuziba, vinatokea vibonge vya damu, na seli nyekundu zikipita zinakatwakatwa kama karoti. Matokeo ni mambo matatu kwa pamoja, pleteleti chini, damu chini, figo zinagoma. Ujerumani 2011 ililipuka hivyo kwa sababu ya chipukizi za uwatu, watu zaidi ya 3,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa. Sie wa maziwa mabichi ya Tukuyu na nyama ya kuchoma nusu mbichi tusicheke. Mtoto aliyeharisha damu, kuhara kumepungua mnashangilia, halafu anapauka na mkojo haupo, huyo arudi hospitali siku hiyohiyo, na hapo msinipigie kuniuliza habari za juisi.

Bakteria wengine hata hawahitaji kutoboa kitu. Wale wa mkojo na tumbo ngozi yao yenyewe ni sumu, endotoksini, na pleteleti ina kipokezi cha kuitambua. Calgary, Kanada, mwaka 2007 walionyesha pleteleti iliyoguswa na endotoksini inaenda kuing'ang'ania neutrofili, aina ya seli nyeupe, na neutrofili inatapika DNA yake nje kama wavu wa kuvulia. Wavu unanasa bakteria, safi, ila unachana na mishipa ya mwenye nyumba. Ndo maana siwezi kusema pleteleti ni wahanga tu, ni wapiganaji pia, na Munich mwaka 2017 walizipiga picha ndani ya panya zikitembea zenyewe zikiokota bakteria njiani. Mpiganaji akipotea vitani anahesabiwa kwenye waliopungua, ile PLT ina hao pia. Na mambo yakiharibika kabisa damu inaganda kwenye mishipa midogo kila mahali huku puani na kwenye tundu la sindano inavuja, kwa sababu vya kugandishia vyote vimeisha vikigandisha pasipotakiwa.

Nirudi kwenye kazi yangu kidogo, kuna aibu zetu pia. Namba ndogo sio kila siku ni ya kweli. Damu ya FBP inawekwa kwenye ile chupa ya kifuniko cha zambarau, ina kemikali ya kuzuia kuganda, na kuna watu damu yao ikikutana na ile kemikali pleteleti zinashikana makundi makundi. Mashine inapima kwa ukubwa, bonge la pleteleti ishirini inaliona ni kitu kingine haihesabu, inatoa 45 kwa mtu mzima wa afya. Inatakiwa mtu apake tone kwenye kioo aangalie kwa hadubini, dakika kumi tu, ila foleni ikiwa imefika mlangoni na mashine imeshachapa karatasi... nimeona namba ya namna hiyo ikimlaza mtu siku tatu bure. Na kuna kinyume chake, yule kijana alikunywa asprini siku mbili mfululizo, asprini inaifunga pleteleti isifanye kazi mpaka inapokufa, hiyo ni wiki nzima na zaidi, na mashine haioni hilo kabisa. Angekuwa na 200 angehesabiwa mzima.

Simaanishi namba haina maana. Hata kile kipimo cha alama ambacho ICU wanakitumia kujua sepsisi, yani maambukizi yaliyofika mpaka viungo vinagoma, imefika wapi, pleteleti zimo, chini ya 150 alama moja, chini ya 100 mbili, chini ya 50 tatu, chini ya 20 nne. Ikishuka chini ya 10 hata kama hutoki damu unafikiriwa kuongezewa, na kama unatoka damu au unaenda kupasuliwa hawasubiri ifike huko. Lakini kuongezewa kwenyewe ujue kulivyo. Tuna kituo cha kanda cha Damu Salama hapahapa Mbeya, ila pleteleti sio kama chembe nyekundu zinazokaa kwenye friji mwezi, zenyewe zinataka joto la nyuzi 20 mpaka 24, zitikiswe muda wote, na kawaida zinadumu siku tano. Sasa fikiria mgonjwa yuko Makete na mvua imenyesha. Halafu ukishazipata ukazitundika kwa mtu ambaye usaha bado umo pajani, hizo mpya zinakutana na pete zilezile.

Bitiruti na rozela sina ugomvi nazo, nakunywa rozela mwenyewe, ila watu wanachanganya "damu" na pleteleti, kama vina msaada wowote ni kwenye chembe nyekundu. Majani ya mpapai yamejaribiwa huko Asia kwa dengi, na dengi ni kirusi, haina usaha wa kukamua. Ugomvi wangu ni yale masaa. Ile siku ya nne na ya tano yule kijana alikuwa nyumbani anasubiri homa ishuke kwa asprini, na huku kwetu homa yoyote ikiisha kuwa sio malaria basi ni taifodi au U.T.I, hakuna anayefikiria kidonda kilichopo palepale kwenye mwili kinachoonekana kwa macho.

Walimpasua jipu usiku uleule, ukatoka usaha wa kutosha, akawekwa kwenye kloksasilini ya mshipa. Kesho yake PLT 31, mama akalia, na nikamweleza kwamba sumu iliyokwisha kumwagika bado inafanya kazi hata bakteria akiuawa, sijui kama alinielewa ila alinyamaza. Siku ya nne 64. Siku ya saba 210. Wiki ya pili akarudi kuangaliwa, 520, juu ya kawaida, hiyo ni kawaida baada ya maambukizi makali, ini, ambalo ndo linauagiza uboho utengeneze pleteleti, na uboho wenyewe vimesukumwa na bado havijapunguza mwendo, inashuka yenyewe. Jioni simu ikaita, mama yake.

"Mwanangu, 520 si zimezidi sasa? Tupunguze bitiruti?"